Mwenye Pingamizi

Mgomba ukikatwa hutoa harufu ambayo haifanani na ya mti wowote. Si harufu ya mbao, maana mgomba hauna mbao. Ni harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu, yenye uchachu kwa mbali, kama tango lililosahauliwa ndani ya mtungi. Mwaka jana nilikuwa nimepanga chumba katika mji mmoja wa kusini, mji wa tano au wa sita tangu niondoke kwetu, na mwenye nyumba akaukata mgomba pekee uliokuwa nyuma ya choo ili apate pa kuegesha bajaji yake. Harufu ikaingia dirishani nikiwa nakula. Nikaacha kula, nikatoka nje, nikasimama mbele ya yule baba wa watu na panga lake. Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Lakini jioni ile ile nikaanza kufungasha vitu vyangu.

Nawaambia mapema, msije mkasema sikuwaonya: haya si masimulizi ya mtu aliyesamehe. Kanisani nimefundishwa kusamehe, na watu wengi nimewasamehe, wakiwemo wawili walioniibia na mmoja aliyeniacha. Huyu ninayewasimulia bado. Jina lake sitalitaja, na si kwa kumsitiri. Jina la mtu likitajwa sana linageuka kuwa kama heshima, nami hiyo namnyima. Nitamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote na ndicho tulichomnyang'anya.

Kwetu ni upande wa Kyerwa, enzi hizo bado sehemu ya Karagwe, kwenye centa moja iliyo kando ya njia ya malori yaendayo Murongo mpakani. Jina la centa nalo nalibakiza moyoni. Nililelewa na bibi yangu, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Kaaka. Mama alikuwa ameolewa upya Bugomora na mume wake mpya hakutaka mtoto wa nyumba nyingine. Kaaka alinipokea bila kuuliza maswali, akanipa godoro la nyasi na kazi ya kumwagilia vitunguu.

Kibanja cha Kaaka kilianzia barabarani na kuishia bondeni. Ukiwa barabarani huioni nyumba, unaona migomba tu, na ukiwa ndani ya nyumba huioni barabara, unaisikia. Kulikuwa na ndizi nchakara za kupika, gonja za kuchoma, na kisubi chache za kukamua pombe ya sherehe. Chini yake kulikuwa na mibuni, chini ya mibuni maharage, na chini ya maharage nyasi alizozitandaza Kaaka ili udongo usikauke. Katikati lilikuwa kaburi la babu, limezungushiwa mimea ya omuramura, ile tunayopanda kwenye mipaka na makaburi kwa sababu haifi hata ukiichukia. Ndani humo asubuhi mwanga ulikuwa wa kijani, na mvua ilifika kichwani kwako baada ya kunyesha kwanza juu ya majani, ikiwa imepoa hasira. Kaaka alikuwa na msemo: "Nyumba isiyo na migomba ni kibanda cha mlinzi." Aliusema kila alipopita mbele ya nyumba za matofali za wafanyabiashara, kwa sauti ya kutosha wasikie.

Nilipoingia darasa la nne, tukaambiwa centa yetu si centa tena, ni mji mdogo. Kisima kilibaki kile kile, na mbuzi walilala barabarani kama kawaida. Kipya kilikuwa baraza. Utaratibu wake, kama nilivyokuja kuuelewa, ulikuwa huu: mji uligawanywa katika vitongoji, kila kitongoji kikachagua mwenyekiti wake, wenyeviti hao wakikutana ndio baraza la mji, na wao kwa wao humteua mmoja awe mwenyekiti wa wote. Wilaya ikatuletea mtendaji, kijana wa mbali mwenye mashati ya mikono mirefu na mhuri. Baraza liliamua, mtendaji akaandika, mgambo wakatekeleza. Walikalia ghala la zamani la kahawa, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka mle ilinuka maganda ya kahawa.

Mwenyekiti wa wote alitoka kitongoji chetu. Kaaka ndiye aliyemnadi nyumba kwa nyumba, kwa sababu alimlisha tangu akiwa na kamasi mbili. Mama yake alikuwa mtu wa kuugua, na mara nyingi mtoto alikuja kwetu na sufuria tupu. Sasa alikuwa mwanamume mwenye baiskeli yenye taa mbele na nyuma, mwenye sauti nzuri ya kuombea watu. Siku alipochaguliwa Kaaka alipiga vigelegele mpaka akapaliwa.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ghala kwa gundi ya uji wa muhogo. Mbuzi walianza kulilamba pembeni kabla watu hawajalisoma. Wanawake wa mtaa wetu wa barabarani, ambao wengi wao Kiswahili walikijua cha salamu na cha sokoni tu, wakanileta nisome. Nilikuwa msomaji wa kwanza darasani. Waume waliokijua Kiswahili vizuri walikuwa Murongo kwenye biashara zao, na waliobaki walikuwa watu wa baraza lenyewe.

Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri kwa Kinyambo kila sentensi. Baraza la mji, ili mji uwe safi na upendeze, linakusudia kupiga marufuku mazao marefu ndani ya hatua hamsini kutoka barabarani. Hapo palieleweka, na wanawake wakaanza kushika vichwa, maana vibanja vyetu havikuzidi hatua hizo. Kisha likaja neno ambalo mpaka leo nikilikuta mahali popote nasimama kama niliyekanyaga mwiba: "Mwenye pingamizi alilete ofisini kabla ya majuma mawili kwisha."

Pingamizi. Sikuwa nimewahi kuliona. Nililitazama neno lile kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Pingu nilizijua, nilikuwa nimeziona mikononi mwa mwizi wa kahawa. Mizi nayo niliijua, mwalimu alitufundisha kwamba ni mizizi kwa Kiswahili cha wazee. Kwa hiyo akilini mwangu ikawa wazi kabisa: pingu zenye mizizi, pingu zisizong'oka. Ningeweza kusema sijui. Lakini wanawake karibu kumi walikuwa wananitazama mdomoni, na Kaaka alikuwa amenyoosha shingo kwa fahari, na mtoto wa kwanza darasani hawezi kusema sijui mbele ya nyanya yake. Nikasema, "Anayekataa ataletwa ofisini afungwe pingu. Zile kubwa."

Wakatawanyika kimya kimya.

Jirani yetu Mama Domina, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na kila siku alihofia kuambiwa arudi asikozaliwa, alifunga mlango siku mbili. Alikuwa na migomba kumi na moja, ameipanda kwa mkono wake kwenye kipande alichopewa na Kaaka. Alinituma nikaangalie kama kuna mgambo njiani ndipo akatoka kwenda kuteka maji.

Katika majuma yale mawili Mwenyekiti alikuja kwetu. Alikuja kama alivyozoea, akaegemeza baiskeli kwenye mgomba wa mbele, mmojawapo wa ile aliyokuwa ameishaihukumu. Kaaka akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, maana kwetu mgeni asipotafuna kahawa bado hajafika. Akatafuna. Nilikuwa nimekaa kizingitini namenya ndizi, na utomvu ulikuwa umenifanya vidole vyeusi.

"Mwanangu," Kaaka akamwambia, "hiyo habari ya migomba nimeisikia. Hukumu ni hukumu. Lakini hizi pingu ni za nini? Mtu mzima kama mimi ukinifunga pingu nitapikaje?"

"Pingu zipi, Kaaka?"

"Za kwenye tangazo. Zenye mizizi."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akalitazama bakuli langu la ndizi, akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyeokota kitu njiani na kuona mwenyewe hayupo. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Nani amekusomea? Huyu?"

"Huyu huyu. Ni wa kwanza darasani."

"Amesoma vizuri," akasema. "Amesoma vizuri sana." Akainuka, akanipapasa kichwani. "Wewe Kaaka kaa tu nyumbani. Pingamizi si mzigo wa mtu mzima kuubeba mpaka ofisini. Na hao wenzio waambie hivyo hivyo, wakae majumbani mwao, hakuna atakayewagusa."

Kisha akatoa peremende mfukoni akanipa. Ilikuwa ya kijani, yenye ladha ya mnanaa. Niliila yote, na karatasi yake nikaihifadhi ndani ya daftari.

Majuma mawili yalipokwisha, mkutano wa hadhara ukaitishwa uwanjani mbele ya ghala. Tulikaa chini kwenye majani, watoto mbele. Mtendaji alisoma karatasi yake kwa Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula, na mwisho akasema: "Baraza halikupokea pingamizi lolote."

Mimi ndiye niliyewageukia watu wetu na kuwatafsiria. Nikawaambia hakuna aliyefungwa pingu.

Wakapiga makofi. Mtaa mzima wa barabarani, watu waliokuwa wanakwenda kupoteza migomba yao, walipiga makofi kwa furaha, na Mama Domina akainua mikono juu akamshukuru Mungu. Kaaka alipiga makofi kuliko wote. Mtendaji alishangaa; nadhani hakuwa amewahi kuona mji unaoipenda sheria ndogo namna ile. Mwenyekiti naye alipiga makofi, taratibu, akinitazama mimi.

Walikuja asubuhi ya Jumatatu, mgambo wanne wenye mapanga mapya, na mtendaji nyuma yao. Sikwenda shule. Mgomba haulii unapokatwa kama mti mgumu. Unasema *faa*, kama mtu anayekaa chini akiwa amechoka, kisha majani yanalala moja juu ya lingine. Wanne wale walikuwa watoto wa jirani zetu, wakakata wakiwa wameinamisha nyuso, na mmoja wao alipoona kiu Kaaka akampa maji kwenye kibuyu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwa na mtu uani. Walikata mikungu ikiwa bado na maua. Utomvu uliwatiririka mpaka kwenye viwiko. Walipofika kaburini wakasimama, wakamuuliza mtendaji kama omuramura ni zao refu. Mtendaji akafikiri sana, akafungua karatasi yake, akasema si zao. Basi babu akabaki amesimamiwa na omuramura peke yake katikati ya jua, mbele ya malori.

Kaaka alikusanya vidole vya ndizi changa kwenye kanga. Jioni alikaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaiona barabara kutoka jikoni kwetu. Wapita njia nao walituona. Walimwona Kaaka amekaa, wakamsalimia, na yeye, aliyekuwa hajawahi kusalimiwa na mtu asiyemjua akiwa nyumbani kwake, akaingia ndani akafunga mlango.

Tena tuliona kitu kingine ambacho migomba ilikuwa imetuficha. Ng'ambo ya bonde, kibanja cha Mwenyekiti kilikuwa kimesimama kizima, kijani mpaka barabarani. Mpaka wa mji, ulipofika kwake, ulikuwa umepinda kama mtu anayekwepa dimbwi. Nyumba yake ilihesabiwa kuwa iko mjini, migomba yake kijijini.

Miaka miwili iliyofuata ndimo nilimojifunza njaa ya kwetu ni nini. Si kwamba hatukula. Tulikula ugali. Msomaji wa mahali pengine ataniona nadeka, lakini aulize mtu yeyote wa Karagwe: ugali ni chakula cha shuleni na cha gerezani, unakula kwa kuwa umelazimika. Na kwetu mpakani, kwa kuwa lugha inavuka daraja pamoja na magunia, ugali hatuuiti ugali. Tunauita posho, kama Waganda.

Siku moja Mama Domina alitoka kupeleka kuni kwa mtendaji akarudi na habari. "Nimesikia wanagombana mle ghalani," akasema. "Mmoja anasema kikao cha jana hakuna posho. Mwenyekiti akamjibu kwamba bila posho hata yeye hakai."

Kaaka alikuwa anapepeta maharage. Akaacha. "Wanakula posho?"

"Kila wakikaa, Kaaka. Wanapenda posho hao."

"Yaani wamekata nchakara zangu," akasema Kaaka polepole, "wakakae ghalani wale posho?" Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Mtoto wa watu. Nimemlea kwa matoke, leo anagombania posho. Atakuwa mgonjwa."

Mimi nilikuwa darasa la sita sasa, nimeishajua. Nikawaeleza kwamba posho ya baraza ni hela ya kikao, si chakula. Mama Domina akacheka mpaka akashika ukuta. Kaaka hakucheka. Alitafakari, akarudia kupepeta, na baada ya muda nikaona pembe za mdomo wake zinapanda, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu ile Jumatatu.

"Kwa hiyo anaipenda," akasema.

"Anaipenda sana, Kaaka," nikasema. "Kwa nini sisi tusimpe?"

Sikumbuki nani alimalizia wazo. Ninachokumbuka ni kwamba mimi ndiye niliyezunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na safari hii sikukosea hata neno moja.

Uchaguzi ulipokaribia, Mwenyekiti alishuka kwenye baiskeli yake na kuanza kupita majumbani, kama wote wanavyofanya. Anayeomba kura kwetu hakatai chakula. Ukikataa chakula cha mtu umemwambia nyumba yake inanuka, na kura yake usahau. Alianzia kwetu, kwa kuwa alijua ndiko mizizi yake iliko.

Kaaka akamnawisha mikono. Kisha akaleta sahani, na juu yake posho, mlima mweupe mkavu, bila chochote pembeni.

"Karibu posho, Mwenyekiti."

Alitazama sahani. Akatazama mlango wa jikoni, akisubiri.

"Mboga inakuja, Kaaka?"

"Mboga zilikuwa chini ya mibuni, mwanangu. Mibuni ilikuwa chini ya migomba."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kujaribu maji kwa kidole. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akamega. Ugali mkavu una tabia ya kukwama kifuani ukasubiri kuitwa. Niliuangalia unavyoshuka kwenye koo lake, tonge kwa tonge. Kaaka alisimama juu yake na mtungi wa maji na hakummiminia. Alipomaliza nusu akasema ameshiba.

"Hapana, maliza," Kaaka akamwambia kwa upole. "Nimesikia bila posho hukai."

Akamaliza. Akaenda kwa Mama Domina, ambaye kwa mikono yake ya Kirundi alijua kusonga kuliko sisi wote, na sahani yake ilikuwa kubwa zaidi. "Karibu posho, Mwenyekiti." Nyumba ya tatu hivyo hivyo. Nyumba ya nne. Mimi nilimfuata kwa nyuma, hatua chache, na daftari langu la shule mkononi kana kwamba nakwenda masomoni. Kwenye nyumba ya tano alianza kutoka jasho. Kwenye ya sita mwenye nyumba, bibi mmoja asiye na meno, alimwambia, "Usione haya, mwanangu, ongeza, hapa hakuna pingu." Nyumba ya saba alikaa kwenye gogo nje, akafungua kifungo cha suruali, akaniona.

Sikumsalimia. Mtoto wa kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kama kumrushia jiwe. Alisubiri. Nami nilisubiri.

"Wewe mtoto," akasema mwishowe, "huna salamu?"

"Mwenyekiti," nikamuuliza, "posho imetosha?"

Siku ya kuchagua tulikusanyika uwanjani. Kitongoji chetu enzi hizo kilichagua kwa watu kujipanga nyuma ya wanayemtaka. Nyuma ya fundi baiskeli mmoja mkimya, ambaye hakuwa na sera yoyote zaidi ya kwamba alikuwa amepoteza migomba minane, mstari ulikwenda mpaka kwenye kisima ukapinda. Nyuma ya Mwenyekiti walisimama mkewe, kaka zake wawili na mgambo mmoja. Hakuna aliyezomea. Ila mstari mrefu ule ulipotulia, mtu mmoja, mpaka leo hatumjui, alicheua kwa nguvu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipoupenda utaratibu wa mabaraza, na bado naupenda kwa namna yangu. Mkubwa wa mji amesimama juu ya kigoda cha kitongoji kimoja. Akishakosa kitongoji hana kiti barazani, na asiye na kiti barazani hawezi kuwa mwenyekiti wa wote. Hatukuhitaji mji mzima. Tulihitaji mtaa mmoja wa wanawake wenye unga.

Hadithi ingeishia hapo, na ningekuwa mtu mwenye raha zaidi.

Nilipokuwa kidato cha pili, bweni, mwalimu wa uraia alikuwa anafundisha serikali za mitaa. Aliandika ubaoni kwa chaki ya njano hatua za kutunga sheria ndogo. Kwanza baraza hupendekeza. Pili wananchi hutangaziwa. Tatu, akaandika, wananchi hupewa muda wa kuleta pingamizi.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza pingamizi ni nini.

"Ni neno la kukataa," akasema. "Unasema sikubali, na kwa nini. Baraza linalazimika kulipokea na kulijadili. Likikosekana kabisa, ina maana watu wote wameridhia."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimerudi kizingitini, vidole vyangu vyeusi kwa utomvu, na mtu anacheka mpaka anajifuta macho. Alikuwa amejua. Alizaliwa kwenye Kinyambo kama sisi na Kiswahili alikijua. Neno moja lilitosha: angemwambia Kaaka, si pingu, ni ruhusa ya kukataa. Badala yake alinipapasa kichwa. Amesoma vizuri. Nilihisi ladha ya mnanaa mdomoni nikaomba ruhusa ya kutoka nje, nikatema mate nyuma ya maabara.

Likizo nilimweleza Kaaka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote, lakini nilipofika yalitoka yote kwa pamoja. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia halikuwa neno la pingu, lilikuwa neno lake yeye, alilopewa na sheria, na mimi nililigeuza kufuli nikaufungia mtaa mzima majumbani.

Kwenye uwazi wa mbele ya nyumba lori lilipita, na vumbi lake likaingia ndani.

"Kwa hiyo ningeweza kusema sitaki?"

"Ndiyo, Kaaka."

"Na wangelazimika kuandika?"

"Wangelazimika."

Hakunisamehe, wala hakunilaumu. Aliniambia nimfundishe kulitamka. Lilimtesa; kwanza alisema "pinga-mizi" kwa vipande viwili, kisha "mpingamizi", mpaka usiku wa tatu likatoka zima. Na tangu hapo, mpaka alipofariki, hakuna mkutano wa mji uliokwisha salama. Alikwenda na fimbo yake, akakaa mbele. Wakisoma ajenda, ananyoosha mkono: nina pingamizi. Wakitaja kufunga choo cha soko: nina pingamizi. Siku moja aliwekea pingamizi sala ya kufungulia mkutano, kwamba ni fupi mno. Fundi baiskeli wetu, aliyekuwa mtu mwenye subira, alimwagiza mtendaji ayaandike yote. Mwenyekiti wa zamani alikuwa akikaa nyuma na wananchi wengine, na kila neno lile lilipotoka kinywani mwa Kaaka, Kaaka alikuwa hatazami meza ya baraza. Alikuwa amegeuka, anamtazama yeye.

Migomba imerudi. Sheria ile ilichakaa yenyewe, Kyerwa ikawa wilaya, na watu wakapanda tena kimyakimya mpaka barabarani. Lakini Kaaka hakuiona ikizaa, na mimi sikuweza kukaa. Nimepika kwenye machimbo, nimeuza mitumba, nimelala katika miji ambayo sikumbuki hata rangi ya kuta zake. Mwenyekiti yule bado yupo, mzee sasa. Ni kipofu wa jicho moja na analishwa na wajukuu. Kila Krismasi namtumia kwa basi unga wa mahindi kilo mbili. Binamu yangu ananiambia huwa analia, anasema hakutegemea mtoto yule angekuwa na moyo mwema namna hii. Simwambii binamu kitu.

Lakini yeye nimeishamlipa. Aliyebaki ni yule mtoto wa kwanza darasani, na kwake sijui nitamlipaje, isipokuwa kwa njia moja. Katika kila mji ninaofika, kabla sijatafuta chumba, natafuta ubao wa matangazo wa halmashauri. Nasoma yote kwa sauti. Wakisimama watu kusikiliza, nawafafanulia neno kwa neno, na nisipolijua neno nasema silijui, naingia ndani kuuliza. Nikikuta penye muda wa pingamizi, naandika langu.

Mwezi uliopita, katika mji ninaokaa sasa, lilikuwa tangazo la kuhamisha stendi. Niliandika ukurasa mzima. Karani wa mapokezi, binti mwenye kucha ndefu, alilisoma mpaka mwisho, kisha akaniangalia kama ninavyoangaliwa kila mahali.

"Mama, wewe una duka pale stendi?"

"Sina."

"Kiwanja?"

"Sina."

"Unaishi mtaa ule?"

"Napita tu, mwanangu."

"Sasa pingamizi la nini?"

Nikausogeza mhuri karibu na mkono wake.

"Andika kwamba limepokelewa."